Mzee Masikio na vyura waliokosa safu

Saa tatu asubuhi, mlango wa stoo ya nyuma ya maabara uko wazi nusu, umezuiwa kwa tofali ili hewa iingie. Ndani kuna meza moja, viti viwili vya plastiki, redio kaseti ya zamani na makasha kumi na moja ya kanda yaliyopangwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Chumba kinanuka karatasi iliyowahi kulowa mvua.

Mwanamke wa miaka 58 amevaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Amefumba macho. Mkono wake wa kulia uko juu ya meza, vidole vimekunjwa. Upande wa pili mumewe ameshika penseli iliyochongwa kwa kisu, na anaukodolea macho mkono huo kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

Kidole kimoja kikiinuka, mume anapiga mstari kwenye safu ya kwanza ya fomu. Viwili vikiinuka, anapiga kwenye ya pili. Vikiinuka vitatu, anakawia kidogo kabla ya kuandika.

"Huyo tena?" anauliza.

"Huyo tena," mkewe anajibu bila kufumbua macho.

Katika kituo hiki cha utafiti wote, kuanzia mpishi hadi mkuu wa maabara, wanamwita mwanamume huyu Mzee Masikio. Ana miaka 63. Jina hilo alipewa miaka 27 iliyopita kwa heshima tupu, na kwa muda mrefu alilivaa kama suti. Leo yeye ndiye asiyevaa hedifoni.

Alikuja kituoni kukata nyasi. Bwawa la chini, ambalo ni mwendo wa dakika tano kutoka stoo, lilikuwa na aina mbili za vyura wadogo wa kahawia, wasiozidi kifundo cha kidole gumba. Watafiti waliwaweka kiganjani, wakawapima miguu kwa rula, wakawageuza matumbo juu, wakabishana hadi chai ikapoa.

"Kwa macho, hata mama yao mzazi angebeba mtoto wa jirani," anasema na kucheka kidogo. "Mimi nilikuwa napita na fyekeo langu. Nikawaambia, jamani, mbona mnajitesa? Subirini waanze kuita."

Aina moja huita kwa sauti nzito ya kukwaruza, mithili ya kucha inayopitishwa juu ya meno ya kitana. Nyingine huita juu, kwa mapigo mafupi mafupi, kama kijiko kinachogongwa kwenye glasi tupu. Akawabatiza hapo hapo: Kitana na Kijiko. Majina yao ya kitaalamu ni marefu na hakuna anayeyatumia isipokuwa kwenye ripoti.

Mmoja wa waliokuwa na rula siku ile alikuwa mwanafunzi. Sasa ndiye mkuu wa maabara, na wafanyakazi humwita Daktari bila kuongeza neno. "Nilikuwa nimemaliza wiki tatu na rula yangu," anakumbuka. "Yeye alitumia dakika tatu. Nilitamani ardhi ipasuke."

Daktari anaeleza kazi yao kwa lugha nyepesi. Dume ndiye anayeita, jike hukaa pembeni akichagua. Jike wa Kitana akisikia mlio wa Kijiko, anaona hayamhusu. "Sauti ndiyo ukuta kati ya koo hizi mbili," anasema. "Ukuta ukiwa mzima, vinasaba vya huku havivuki kwenda kule. Wanaoga maji mamoja, lakini kila ukoo unabaki na damu yake. Ukuta ukitoboka, wanaanza kuzaliana, na vinasaba vinatiririka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine."

Kazi aliyopewa mkata nyasi ilikuwa kuulinda ukuta huo kwa kuusikiliza. Alipewa mabuti ya mpira, kinasa sauti na fomu. Kila msimu wa mvua alitakiwa kwenda bwawani jioni arobaini, akae katika vituo vinane kuzunguka maji, dakika tano kila kimoja, arekodi na kuhesabu madume wanaoita. Fomu ilikuwa na safu mbili tu. Posho ya msimu mmoja ilizidi mshahara wake wa miezi miwili ya kukata nyasi.

Mkewe hakuajiriwa. Alianza kuja wiki ya pili, baada ya kuona mumewe amerudi na fomu zilizolowa chapachapa, kwa sababu mtu mmoja hawezi kushika tochi, mwavuli, kinasa sauti na penseli kwa wakati mmoja.

"Nilikwenda kumshikia tochi siku moja," anasema. "Nikabaki misimu kumi na moja. Watoto tulikuwa tunawaacha kwa bibi yao. Mama mkwe alikuwa ananiuliza, 'Hivi nyie wawili mnakwenda kazini au mnakwenda kuposana upya?'"

Chini ya kila fomu palikuwa na mstari mmoja wa sahihi. Mume ndiye aliyeweka sahihi.

Mzee Masikio hapendi kusimulia yaliyofuata, lakini anasimulia. Anaiweka penseli chini kwanza.

Msimu wa pili, jioni moja kwenye kituo cha tano, chura mmoja aliita kwa namna ambayo hawakuwa wameisikia. Alianza kwa kukwaruza kama Kitana, kisha mwisho wa mlio ukapanda juu, ti-ti-ti, kama Kijiko. Waliangaliana. Mke akauliza wamwandike wapi. Mume akasema huyo amelewa tu, wakacheka hadi tochi ikatikisika. Tangu siku hiyo vyura wa aina hiyo wakaitwa walevi.

Mwanzoni walevi walikuwa wa kuhesabika. Msimu wa nne, kampuni ya maji ikafunga pampu ukingoni mwa bwawa. Ilinguruma kuanzia alasiri hadi alfajiri, kwa sauti nzito, ya kiwango kile kile cha uzito wa sauti ya Kitana.

"Maskini Kitana walikuwa kama watu wanaosalimiana ndani ya mashine ya kusaga," anasema mke. "Wakaanza kupandisha sauti ili wasikike. Ukipandisha sana, unafika kwa Kijiko. Sasa yule jike huko gizani atajuaje nani ni nani?"

Kufikia msimu wa sita, walevi walisikika kila jioni. Fomu, hata hivyo, hazikuonyesha hata mmoja. Mzee Masikio alisikiliza mwanzo wa mlio, akaacha mwisho. Aliyeanza kwa kukwaruza aliandikwa Kitana, basi.

Aliyesikia alikuwa yeye mwenyewe, na aliyeficha ni yeye. Kwa nini?

"Niliogopa," anajibu mara moja, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi akiwa peke yake. "Wakubwa walinipa safu mbili. Nikipeleka fomu yenye safu tatu, watasema huyu mkata nyasi alibahatisha tu, kazi haijui. Nilishaitwa Masikio. Utamwambiaje mtu kwamba Masikio hajui alichosikia?"

Fomu zake zilisifiwa kwa usafi. Hazikuwa na kufutwafutwa wala alama ya kuuliza. Alipewa cheti cha umakini katika utunzaji wa kumbukumbu, kikafungwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Mwaka jana alikigeuza kikatazama ukuta. Mkewe akakirudisha, akisema mgongo wa fremu una utando wa buibui na wageni wataona haya kwa niaba yao.

Msimu wa saba, kamati ya tathmini iliketi kuamua kama pampu iondolewe bwawani. Fomu za Mzee Masikio ndizo zilizosomwa. Kitana hawajapungua. Kijiko hawajapungua. Hakuna dalili ya kuchanganyika. Yeye alikuwa amekaa safu ya nyuma, amevaa koti la kuazima, kichwa kimevimba kwa fahari ya kusikia tarakimu zake zikitajwa na watu wenye tai. Kamati ikaamua pampu ibaki.

"Nilipiga makofi," anasema.

Mkewe anajishughulisha na kukunja waya wa hedifoni ambao haukuhitaji kukunjwa.

Mradi uliisha baada ya msimu wa kumi na moja. Alirudi kwenye nyasi, kisha akapewa ufunguo wa stoo. Maisha yakaenda. Miaka miwili iliyopita, Daktari alichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa vyura 140 wa bwawa la chini, akachunguza vinasaba. Arobaini na wanne walikuwa Kijiko. Tisini na sita walikuwa mchanganyiko. Kitana halisi hakupatikana hata mmoja.

"Hawakufa kwa sumu wala ukame," anasema Daktari. "Wamemezwa na jirani. Ukisikiliza bwawa leo limejaa sauti, mtu mgeni atasema mambo ni mazuri."

Daktari alikwenda stoo na swali moja: katika misimu yote ile, aliwahi kusikia mlio wa kuchanganyika? Mzee Masikio alijibu kwamba atafikiri. Alifikiri siku mbili. Alikuwa akila hamalizi chakula, akiongeleshwa anaitikia kitu kingine.

Siku ya tatu mkewe alimwekea viatu mlangoni. "Nilimwambia, baba watoto, usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nikisema nitasema yote, mpaka na yale makofi."

Alikwenda. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama kanda bado zipo.

"Afadhali angenifokea," anasema Mzee Masikio. "Angenifokea ningerudi nyumbani nikalala. Lakini alikaa pale akanitazama, halafu akasema, 'Mzee wangu, mimi ndiye niliyechora zile safu mbili.' Nilikosa pa kuuweka uso wangu."

Kanda zilipaswa kuwa 440, moja kwa kila jioni. Paa la stoo liliwahi kuvuja, na ukungu ukafanya yake. Zinazocheza ni 263.

Kanda hizo zina uzito kwa sababu ya bwawa la juu, mwendo wa saa moja kwa mguu kupanda mlima. Huko Kitana na Kijiko bado wanaishi bega kwa bega bila kuchanganyika, na hao ndio Kitana wa mwisho wanaojulikana katika eneo lote. Kampuni ya maji inataka kufunga pampu ya aina ile ile. Kamati itaketi baada ya wiki sita, na itauliza kitu kimoja: vyura wa bwawa la chini walianza kuchanganyika kabla ya pampu au baada yake?

Jibu lililopo rasmi hadi sasa ni fomu za zamani. Wenye pampu wamezitoa nakala na kuziambatanisha kwenye maombi yao.

"Karatasi zangu mwenyewe," anasema. "Sahihi yangu iko pale chini, imenyooka vizuri tu."

Alianza kusikiliza kanda peke yake, kwa bidii ya mtu anayelipa kosa. Alikuja kabla ya wafagizi na kuondoka baada yao. Katika wiki tatu alimaliza kanda 31 za misimu mbalimbali, na walevi hawakusikika. Alianza kujiuliza kama labda alijisingizia, kama labda fomu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Anakiri kwamba wazo hilo lilimpendeza.

Ndipo mkewe alipomletea chakula cha mchana. Wakati mume akinawa mikono, mke alivaa hedifoni kwa kujifurahisha tu, asikie ujana wake. Baada ya dakika moja aliiangalia fomu.

"Mbona huyu umemweka kwa Kitana?"

"Si ni Kitana."

"Kitana gani? Mwisho wake unapanda. Huyu ni mlevi wako yule yule."

Mume alirudisha kanda nyuma mara tatu. Mara zote tatu alisikia kukwaruza, kisha kimya. Mkewe alisikia kukwaruza, kisha ti-ti-ti.

Hospitalini walimfungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Alibonyeza vizuri kwa milio mizito. Kwa ile ya juu alikaa na kidole hewani, akisubiri kitu ambacho mhudumu alimwambia baadaye kilikuwa kimeshapita mara nane. Sauti za juu zimepotea katika masikio yote mawili, na hazitarudi. Mkia wa mlio wa mlevi uko huko huko zilikopotea.

Kwa hiyo, kwake yeye sasa, kila mlevi ni Kitana kamili.

"Mara ya kwanza niliwasikia, nikawaficha," anasema polepole. "Mara ya pili nilikuwa tayari kuwaandika, sikuwasikia. Sasa hapo utamlaumu nani? Najilaumu mwenyewe, masikio yalifanya kazi yao yalipoweza."

Kanda 31 zilikuwa kazi bure. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili, na angeweza kuzirudia kimyakimya. Safari hii hakungoja siku mbili. Alikwenda kwa Daktari alasiri ile ile, na cheti cha hospitali mkononi.

Daktari alimwambia amlete mkewe. Kwanza walimpa mtihani: milio hamsini iliyochanganywa, aitambue mmoja mmoja. Alipata arobaini na tisa. Ule mmoja wanaubishania hadi leo, na yeye anasema waliokosea ni wao. Tangu wiki hiyo analipwa kama msaidizi wa utafiti, na fomu mpya zina mistari miwili ya sahihi.

Dereva wa kituo, ambaye ni mtani wake, humpitia mlangoni kila asubuhi. "Shemeji, naona sasa Masikio ni wewe!"

"Mwachie mwenzako jina lake," humjibu. "Ndilo lililobaki."

Mumewe hucheka pia, ila huchelewa kidogo.

Hadi siku ya mahojiano haya walikuwa wamemaliza kanda 145. Katika misimu mitatu ya kwanza, yenye kanda 71, walisikia walevi wanne. Idadi hiyo ilimnyima mzee usingizi, akidhani imeharibu kila kitu. Daktari alimtuliza.

"Wanne si neno," anasema. "Majirani wa karibu namna hii huchanganyika kidogo hata pasipo pampu. Tunatafuta ukuta ulianguka lini. Lakini siwezi kusema kitu mbele ya kamati kabla hawajamaliza, na sitawaharakisha."

Sasa wako msimu wa sita. Kanda iliyomo kwenye redio ina karatasi iliyofifia: kituo cha tano, mvua nyepesi. Vidole vitatu vinainuka, vinashuka, vinainuka tena. Penseli haikawii tena, haina nafasi. Walevi sita. Saba. Tisa.

Ghafla mke anabonyeza kitufe. Kanda inasimama.

"Nini?" anauliza mume.

"Hakuna. Sauti zetu tu."

"Tunasema nini?"

Mke anapangusa meza kwa kiganja, ilhali meza ni safi. Mume anamtazama, kisha ananyoosha mkono, anachomoa waya wa hedifoni kwenye redio, anarudisha kanda nyuma kidogo na kubonyeza.

Stoo inajaa mvua. Pampu inanguruma, vyura wanaita juu yake kwa mamia. Halafu sauti ya mwanamke, changa, karibu sana na kinasa sauti: "Baba watoto, leo wako wengi mno. Kwa nini tusiwafungulie safu yao?"

Kisha sauti ya mwanamume, yenye uchangamfu na uhakika, sauti nzito ambayo Mzee Masikio hana shida ya kuisikia:

"Wewe shika tochi. Kusikia niachie mimi."

Kanda inaendelea. Yeye haendelei. Penseli imesimama juu ya karatasi.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikashika tochi."

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaivaa tena ikiwa na ukungu ule ule. Anamwomba radhi mkewe mbele ya mgeni, kwa maneno machache ambayo hakutaka yaandikwe hapa. Mkewe anasikiliza hadi mwisho, kisha anachomeka waya mahali pake.

"Haya, rudisha nyuma," anasema. "Kuna watatu wamepita hapo, na wewe ulikuwa unaongea juu yao."

Anarudisha. Vidole vitatu vinainuka mara tatu, naye anaandika.

Zimebaki kanda 118. Kwa tano kila siku ya kazi, watamaliza kabla ya kikao, zikibaki siku chache tu za ziada. Kitana wa bwawa la chini hawatarudi hata kamati ikiamua vipi, na hilo analisema mwenyewe bila kuulizwa. Kuhusu bwawa la juu, hataki kuahidi. Atakwenda kwenye kikao hicho akiwa na koti lake mwenyewe, atasimama mbele na kusema kwamba fomu zile zenye sahihi yake si za kweli.

Mvua zikianza, wamekubaliana na Daktari kupanda mlimani jioni arobaini, vituo vinane, kama zamani. Fomu mpya ziko tayari chini ya meza. Safu ya tatu ameichora Mzee Masikio mwenyewe, kwa rula ile ile ya zamani ya maabara.

Daktari alitaka kuwatafutia kijana wa kuwasaidia kubeba vitu, kwa kuwa njia ni ya mawe na miguu si ile ya zamani. Mzee Masikio alikataa.

"Mke wangu akae asikilize," anasema. "Tochi nitashika mimi."